Wilaya Isiyotaka Kufutwa

Hapana, hawakumfunga kamba. Walitaka kumfunga. Askari wawili walishamshika Mzee Pang mikono nyuma, pale uani kwenye boma la Shanpu, ndipo Bwana Qiu akasema, "Mwacheni kwanza. Mtu wa miaka sabini na moja, goti bovu, atakimbilia wapi?"

Huyo Qiu Boheng ndiye mpelelezi aliyetumwa kutoka makao makuu ya jimbo afuatane na mjumbe wa serikali. Mwembamba, miwani, maneno machache. Namjua kwa sababu sanduku lake nililibeba mimi, siku tatu za kupanda milima, na ndani mlikuwa na vitabu, hata shati la pili hakuna. Bega hili hapa bado linakumbuka. Kwa hiyo ninayokwambia niliyaona. Kusoma sijui sana, ila macho ninayo.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa Jamhuri, kiangazi. Shanpu ni wilaya ndogo, iko juu huku milimani, na chini mtoni kuna Dagang, wilaya kubwa yenye meli na mabenki. Basi ikaja amri kwa simu ya waya: Shanpu inafutwa, inaungwa na Dagang. Wazee wenyewe wameomba, barua yao ipo. Na mjumbe akatumwa, Bwana Tang Jiwei, mtu mnene mwenye kofia ya kizungu, aje auchukue muhuri wa wilaya, aukate pembe moja kwa tindo mbele ya watu, aurudishe jimboni. Maana hivyo ndivyo wilaya inavyokufa kwetu. Muhuri ukishakatwa pembe, hata ukilia hakuna wilaya tena. Muhuri ukiwa mzima, wilaya ipo.

Sasa asubuhi ile sanduku la muhuri likafunguliwa. Tupu. Kitambaa cha manjano kimekunjwa vizuri, muhuri hamna.

Tang akapandwa na hasira mpaka shingo ikawa nyekundu. Akaapa mambo mawili. La kwanza, hakuna mtu ndani ya boma hili atakayekula, yeye mwenyewe pamoja, mpaka muhuri uonekane. La pili, ngoma ya adhuhuri ikipigwa bila muhuri, Mzee Pang, mtunza muhuri, anapelekwa mahakama ya kijeshi. Na mahakama ya kijeshi ya siku zile, mwanangu, haikuwa na maswali mengi. Uliingia kwa mlango wa mbele ukatolewa kwa wa nyuma, umebebwa.

Basi Bwana Qiu akaanza kazi. Akavuta kiti, akamkalisha Mzee Pang, yeye akabaki amesimama.

"Ufunguo wa sanduku ni wako?"

"Wangu."

"Kuna mwingine?"

"Hakuna."

"Muhuri uko wapi?"

"Sisemi."

Tang akaruka. "Umesikia? Hasemi hajui. Anasema hasemi."

"Nimesikia," Bwana Qiu akajibu. "Ni mtu mkweli. Wanasaidia sana, watu wakweli."

Askari mmoja akaja mbio. Kamba imeonekana nyuma ya boma, inaning'inia ukutani, upande wa mtoni. Tang akapiga makofi: mwizi ameshuka na kamba, ametupa muhuri mtoni, au ameondoka nao kwa mtumbwi. Askari wote mtoni, haraka.

Bwana Qiu akaniita. "Ndugu, niinue." Nikambeba mabegani. Akaangalia juu ya ukuta, akapitisha kidole, akashuka.

"Ukoga wa ukuta ni mzima," akasema. "Kijani kama blanketi, kutoka pembe hii mpaka ile. Mtu akipanda hapa lazima aukwaruze. Na kamba ina alama za vibanio. Hii ni kamba ya kuanikia nguo."

"Kwa nini basi iwe hapa?" Tang akauliza.

"Ili mimi na wewe tukaangalie mtoni."

Lakini Tang hakutaka kusikia. Askari wakavua viatu, wakazama. Watu wa Shanpu nao, unawajua, wakajaa ukingoni kuwasaidia. Mmoja akaibua sufuria lenye tundu. "Afande, huu hapa, ila umetoboka kidogo." Mwanamke akarusha kiatu kikuukuu. "Mpe mjumbe, aukate pembe." Walicheka, lakini kicheko cha meno tu. Hakuna aliyeondoka. Walikaa pale jua linawachoma, wanawatazama askari, na hakuna hata mmoja aliyempisha Tang njia alipopita.

Bwana Qiu akarudi kwa Mzee Pang.

"Mzee wangu, umeutunza muhuri huu miaka mingapi?"

"Thelathini na minane. Nimeanza na muhuri wa mfalme, nikaupokea wa Jamhuri." Mzee akajifuta jasho. "Na nikwambie kitu, bwana mdogo. Katika kiti kilekile, sikusogea hata hatua, nimehamishwa mara nne. Kwanza tulikuwa chini ya mkoa. Mapinduzi yakaja, wakasema mkuu wa wilaya sasa anaitwa jina lingine. Mwaka uliofuata wakasema hakuna mikoa tena, imefutwa yote. Nikauliza, sasa juu yetu kuna nani? Wakasema kanda. Tukajifunza jina la kanda. Mwezi uliopita wakaleta karatasi, kanda imebadilishwa jina. Yote nimeandika, yote nimepiga muhuri, sikunung'unika. Waite wanavyotaka. Lakini Shanpu ilikuwa Shanpu kabla ya hao wote."

"Na sasa?"

"Sasa mnasema tumeomba wenyewe tufutwe. Mimi ni mzee wa Shanpu. Sikuomba. Nitajie aliyeomba."

Bwana Qiu akamgeukia Tang aliyekuwa amerudi anapepea kofia. "Naomba niione hiyo barua ya wazee."

"Kazi yako ni muhuri, si barua."

"Barua ina chapa ya muhuri. Kama muhuri wenyewe sina, angalau nione sura yake."

Tang akatoa barua kwenye mkoba wa ngozi.

Bwana Qiu akaitandaza juani, juu ya ngazi, akatoa lenzi yake ya mkononi. Akainama. Akakaa hivyo muda mrefu mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akaniambia nifungue sanduku, nitoe wino na karatasi.

Akachukua karatasi mbili. Kwenye ya kwanza akaandika neno, akaacha wino ukauke, akapiga juu yake muhuri wake mdogo mwenyewe, ule wa jina. Kwenye ya pili akaanza na muhuri, halafu akaandika neno juu ya ule wekundu. Akamwita Tang, akampa lenzi.

"Wino mwekundu wa muhuri una mafuta," akasema. "Tazama ya kwanza. Wekundu umeufunika weusi, mstari ni mzima. Tazama ya pili. Weusi umepita juu ya mafuta, umekatikakatika, kama maji juu ya jani la yungiyungi. Sasa tazama barua yako."

Tang akatazama. Akatazama tena. "Wino ni wino," akasema, lakini taratibu.

"Muhuri ulipigwa kwanza, kwenye karatasi tupu. Maneno yakaja baadaye."

Hapo nikamwangalia Mzee Pang. Uso wote ulikuwa umeshuka, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Bwana Qiu naye alimwona, lakini hakumuuliza kitu. Akasoma tarehe ya barua kwa sauti: tarehe sita, mwezi wa pili, mwaka wa pili wa Jamhuri.

"Hiyo tarehe yenu ya jua," Mzee Pang akasema. "Kwa hesabu yetu ya mwezi ni lini?"

"Hata mimi sijui. Kuna kalenda ya mwaka jana humu?"

"Jikoni. Mama Lou hatupi kitu."

Tukaenda jikoni, mimi na Bwana Qiu. Mama Lou, mpishi wa boma, alikuwa amesimama mlangoni, shoka la nyama mkononi. Mwanamke mfupi, mpana, nywele kazikaza nyuma.

"Jiko limefungwa," akasema. "Mjumbe kasema hakuna kula. Mchele umeiva, bata ameiva, tofu ya soya imeiva, na mimi nimeiva kwa hasira. Unataka nini?"

"Kalenda tu, mama."

"Kalenda hailiki. Pita."

Zilikuwa kwenye msumari mmoja juu ya jiko, karibu na picha ya mungu wa jiko, ya mwaka huu juu, ya mwaka jana chini yake, nyeusi kwa moshi. Bwana Qiu akanyoosha mkono kuzichukua. Na hapo akasimama, mkono ukiwa hewani.

Dirishani kulikuwa na jiwe. Jiwe la mviringo, laini, kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga. Kila nyumba ya Shanpu ina jiwe kama hilo, na kila mwenye macho anajua kazi yake: ni la kukandamiza mboga ndani ya mtungi, zikae chini ya maji ya chumvi, zisiozee juu. Jiwe lile lilikuwa kavu. Lilishashika vumbi la unga. Na chini ya dirisha, mtungi. Bwana Qiu akainua kifuniko kwa kidole kimoja. Mboga zilikuwa zimezama vizuri kabisa, bila jiwe.

"Jana jioni tulipofika ulitupa uji," akasema, bila kugeuka. "Uji mzuri. Na yai la chumvi. Lakini mboga za mtungi hukutupa. Niko Shanpu, napewa uji bila mboga za mtungi. Nilishangaa."

"Zimeharibika."

Akanusa. "Hazinuki kuharibika."

Mama Lou akahamisha shoka kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. Mimi nikaangalia mlango ulipo.

"Bwana mpelelezi," akasema, "umekuja kutafuta kalenda, au umekuja kunusa?"

Wakatazamana.

"Kalenda," Bwana Qiu akasema. Akarudisha kifuniko pole pole, kikakaa sawasawa kama kilivyokuwa. "Na kamba yako ya nguo iko ukutani nyuma. Itoe, mvua inakuja."

Tulipotoka alikuwa anapekua kalenda huku anatembea. Katikati ya ua akasimama, akacheka kidogo. Ndiyo mara ya pekee niliyomsikia akicheka safari ile. Akaenda moja kwa moja kwa Mzee Pang.

"Mzee wangu. Mwaka jana, tarehe sita ile, kwa hesabu yenu siku ya kwanza ya mwezi wa kwanza, siku ya mwaka mpya. Ulipiga muhuri?"

Mzee Pang akamkodolea macho kama anayeulizwa kama alimpiga mama yake. "Mwaka mpya? Muhuri hulala, bwana."

"Mweleze mjumbe."

"Kila mtu anajua. Tarehe ishirini ya mwezi wa kumi na mbili, mkuu wa wilaya anaufunga muhuri. Kitambaa cha manjano, sanduku, ukanda wa karatasi nyekundu juu, sahihi yake na tarehe. Haufunguliwi mpaka ishirini ya mwezi wa kwanza. Mwezi mzima. Mtu akimpiga mwenzake, angoje. Mfalme aliamuru hivyo. Jamhuri walipokuja wakasema tuache mambo ya zamani, tufuate kalenda ya jua. Tukasema sawa, tukaendelea."

"Ukanda wa mwaka jana uko wapi?"

Mzee akainuka, goti linalia, akaingia ofisini, akatoka na kifurushi kimefungwa kwa uzi. Kanda za karatasi nyekundu thelathini na nane, moja kwa kila mwaka. Akachomoa ya mwaka jana. Bwana Qiu akaisoma, akampa Tang.

"Sahihi ya nani hii?"

Tang akasoma. "Ya Mu Shaoqing."

Mu alikuwa mkuu wa wilaya ya Shanpu mpaka masika yale. Kisha akahamishiwa Dagang. Na wilaya zikiungwa, mkuu wa zote mbili angekuwa yeye. Hilo hata mbuzi wa Shanpu walikuwa wanalijua.

"Basi," Bwana Qiu akasema, "Bwana Mu mwenyewe, kwa mkono wake, anathibitisha kwamba tarehe sita mwezi wa pili muhuri ulikuwa umefungwa ndani ya sanduku. Na siku hiyohiyo barua inasema wazee wa Shanpu walikusanyika hapa bomani, wakaomba, ikapigwa muhuri. Siku ya mwaka mpya, Bwana Tang. Baba yako angetoka nyumbani siku hiyo kwenda kuomba wilaya yake ifutwe?"

"Baba yangu hatoki hata kwenda chooni, anaogopa mkosi," Tang akasema, halafu akaona aibu kwamba amesema.

"Aliyeandika alikuwa ofisini na kalenda ya jua. Alichagua tarehe ya zamani, ionekane barua imekaa. Kwa jua, tarehe sita ni siku kama siku nyingine. Hakugeuza ukurasa kuangalia upande wa pili, wa hesabu ya mwezi."

"Lakini karatasi yenye muhuri aliipata wapi?"

Ndipo Mzee Pang akasema, "Kwangu."

Alikuwa anatazama mikono yake. "Siku anahama aliniambia nipige muhuri kwenye karatasi tano tupu. Akasema ni kwa ajili ya mafuriko, njia ikikatika aweze kutuombea msaada haraka. Miaka thelathini na minane sijapiga karatasi tupu. Nikapiga. Alikuwa mkuu wangu." Akainua uso. "Simu ya amri ilipokuja nikajua karatasi moja imekwenda wapi. Kwa hiyo muhuri nimeuficha mimi. Mkono huu umeiuza Shanpu mara moja. Mara ya pili hauuzi. Mnipige risasi, muhuri hamuupati."

Ngoma ya adhuhuri ikapigwa palepale.

Tang akavaa kofia yake. Nadhani alikuwa anatafuta pa kusimama. "Yote hayo yataandikwa," akasema. "Lakini amri ni amri. Bwana Qiu, unajua muhuri ulipo. Naona usoni kwako. Ulete."

"Siuleti."

"Umesemaje?"

"Nimesema siuleti. Najua ulipo, na siuleti."

"Nitapiga simu jimboni sasa hivi. Kesho huna kazi."

"Piga. Nimekuja na sanduku la vitabu, nitaondoka nalo. Huyu ndugu yangu ndiye wa kuhurumiwa." Mimi huyo. "Lakini kabla hujapiga, fikiri jambo moja. Ukichukua muhuri leo, ukaukata pembe, stakabadhi anaandika nani? Wewe. Barua ya uongo ikigunduliwa, na mimi nitahakikisha inagunduliwa, Mu atasema hajui kitu. Jina litakalokuwa chini ni Tang Jiwei."

Tang akaitazama barua mkononi kana kwamba inamchoma. Pale langoni watu walikuwa wamerudi kutoka mtoni. Hawakupiga kelele. Walisimama tu, wamejaza lango lote, wazee mbele. Askari wanne, viatu mkononi, suruali zinachuruzika, hawakuonekana kuwa na hamu ya vita.

"Unataka nini?" Tang akauliza.

"Muhuri ni ushahidi sasa. Na ushahidi haukatwi pembe. Unafungwa."

Bwana Qiu akaomba karatasi nyekundu. Mzee Pang akampa, akamsagia wino mwenyewe. Akaandika, akanisomea baadaye ndiyo maana najua: *Muhuri wa Wilaya ya Shanpu umelala hapa mpaka jimbo lichunguze barua na lijibu. Asiufungue mtu.* Akatia sahihi. Kisha akaenda jikoni, sote nyuma yake. Mama Lou bado yupo mlangoni na shoka lake.

"Mama, nipe njia. Nimerudi kunusa."

Mama Lou akamwangalia Mzee Pang. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Mama akasogea.

Bwana Qiu akaupaka ukanda gundi ya unga, akaubandika juu ya kifuniko cha mtungi wa mboga, upande huu mpaka upande ule.

Tang akauinamia mtungi. "Ndani ya mboga?"

"Tabaka saba za karatasi ya mafuta," Mama Lou akasema. "Umelala vizuri kuliko wewe jana."

"Ukanda unataka sahihi mbili," Bwana Qiu akasema, akanyoosha kalamu ya brashi. "Ukitia yako, wewe ni miongoni mwa waliogundua. Usipotia, ni wewe na stakabadhi yako."

Tang alisimama pale na ile kalamu. Bata alikuwa anatoa harufu kwenye sufuria, tangawizi na pombe ya mchele, na tumbo la mjumbe likanguruma mpaka askari mmoja akageuza uso. Akainama. Akatia sahihi. Kisha akavua kofia, akaitundika kwenye msumari wa kalenda.

"Na Mzee Pang?" nikauliza mimi. Si kazi yangu kuuliza, lakini nikauliza.

"Shahidi," Bwana Qiu akasema. "Shahidi hapelekwi mahakama ya kijeshi. Anabaki alinde mtungi."

Tang hakubisha. Alikuwa anautazama mtungi, kisha jiwe kavu dirishani, kisha tena mtungi. "Kuna mtungi mwingine wa mboga?" akauliza.

"Minne," Mama Lou akasema, na hapo ndipo alipoliweka shoka chini.

Yakaletwa mabenchi uani, meza mbili zikaungwa. Wazee wa langoni wakaitwa, askari wakavaa viatu vyao. Mzee Pang alibaki amesimama, hajui akae wapi, maana tangu asubuhi alikuwa mtu wa kupigwa risasi. Tang akasogea kwenye benchi lake, akampa nafasi, bila kumtazama. Mzee akakaa, goti likalia. Mama Lou akaleta bakuli la mboga za mtungi, chachu, kijani, zinang'aa, akaliweka mbele ya Bwana Qiu kabla ya mtu mwingine yeyote. Tukachukua vijiti, tukala.